Siasa ya Nje na Jembe la Mkimbizi
Ndugu asimamaye Mkiwa, mkoani Singida, penye njia panda ya Itigi, asidhani siasa ya nje ni kazi ya mabalozi tu. Ndiyo huamua nani awe jirani yake. Mauaji ya Burundi ya 1972 yalipowakimbiza maelfu ya watu, Tanzania, iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963, iliwapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakajilisha, kuanzia 2010 zaidi ya 160,000 wakakubaliwa uraia. Lakini Desemba 1996, msimamo ulipokwisha badilika, wakimbizi wa Rwanda wapatao nusu milioni waliamriwa kurudi kwao. Kada na aulize: mnyonge akibisha hodi, apewe jembe au amri ya kuondoka?