Sala na Mikono: Habari za Lutindi

Tunapoadhimisha miaka mia moja ya usharika wetu, yatupasa kuitazama milima ya Usambara si kwa makanisa yake tu, bali pia kwa nyumba moja ambayo jina lake hutajwa kwa mzaha kuliko kwa shukrani. Nyumba hiyo ni Lutindi, katika Wilaya ya Korogwe.

Lutindi haikuanza kama hospitali. Mwaka 1896 Wakristo wa Kijerumani waliifungua iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini biashara ile haikukoma siku hiyo. Hata serikali ya kikoloni ya Kijerumani haikuufuta utumwa. Amri yake ya mwaka 1904 iliwapa uhuru wale tu ambao wangezaliwa baada ya 1905. Tuliseme hili waziwazi, hata mbele ya wageni wetu: waliowaombea watumwa waliishi chini ya bendera iliyowavumilia mabwana wa watumwa. Sala yao peke yake isingemfungua mtoto hata mmoja. Ilibidi pajengwe nyumba, palimwe shamba, na apatikane mtu wa kuamka usiku mtoto anapolia.

Misheni ya Usambara ilikuwa na uhusiano wa karibu na Bethel, kule Bielefeld, ambako Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliongoza kazi ya kuwatunza wenye kifafa kuanzia mwaka 1872. Huko mgonjwa hakuwa mtu wa kuombewa tu kitandani. Alipewa kazi kadiri ya nguvu zake, akaketi ibadani pamoja na wanaomtunza. Mashemasi waliolelewa katika desturi hiyo ndio walioileta kwetu.

Watoto wa kukombolewa walipopungua, nyumba zilikuwepo na wajibu wa kwanza ulikuwa unakwisha. Wangeweza kufanya ibada ya shukrani na kufunga milango, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake, mwanzoni mwa karne ya 20, milango ilifunguliwa kwa wagonjwa wa akili, watu ambao palipokosekana msaada walifungwa kamba au kutiwa gerezani. Naona hapa ndipo imani yao ilipopimwa kuliko mwaka 1896. Kumhurumia yatima ni rahisi. Anayekutukana huku ukimlisha ni jambo jingine.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliwaondoa wamisionari Wajerumani, na kazi ya Kanisa Usambara ikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Majina ya wengi wao hayamo vitabuni, wala ya wanawake waliopika na kufua. Hospitali ya Lutindi leo ni ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na kazi za shamba na za mikono zingali sehemu ya matibabu.

Mgonjwa apatapo nafuu hurudi kwa jamaa zake na kwa usharika wake, yaani kwetu. Katika sala za Jumapili majina ya wenye malaria na waliofanyiwa upasuaji husomwa kwa sauti. Jina la mgonjwa wa akili jamaa huliandika kwenye kikaratasi, wakakikunja, wakamnong'oneza mchungaji mlangoni.