Kipimo cha rangi

Anayehariri video ya Mtaa wa Msimbazi wa Kariakoo, Dar es Salaam, sehemu imepigwa kwa kamera ya Sony katika S-Log3, namna ya Sony ya kuandika mwanga, na sehemu kwa simu, hukutana mapema na neno ambalo menyu ya programu humwonyesha kwa Kiingereza, color space, naye hulitamka kala spesi. Tafsiri inayokuja upesi mdomoni ni "nafasi ya rangi". Kwa kufuata neno kwa neno haina kosa, na hapo ndipo ilipo kasoro yake. Nafasi kwetu ni mahali palipo wazi, au fursa, au cheo cha mtu kazini, na hakuna maana hata moja kati ya hizo inayomsaidia mhariri kujua afanye nini na faili iliyo mbele yake. Napendekeza "kipimo cha rangi", na sababu yangu ni ya kikazi kabla ya kuwa ya lugha.

Faili ya video haibebi rangi, hubeba tarakimu. Kanzu nyeupe inayorudisha asilimia 90 ya mwanga huandikwa na S-Log3 kuwa 598, katika ngazi zinazoanzia 0 hadi 1023. Katika sRGB, inayotumiwa na skrini za kawaida za kompyuta, kanzu hiyohiyo huwa karibu 243, katika ngazi zinazoishia 255. Programu ikiisoma ile 598 kana kwamba ni ya sRGB, itaamini kanzu inarudisha takriban asilimia 30 tu ya mwanga, na picha itapauka kama iliyomwagiwa vumbi. Kamera haikukosea, na mpigapicha pia hakukosea. Kilichokosekana ni kutaja kipimo. Muuza vitenge wa Mtaa wa Uhuru analijua jambo hili vizuri: akiambiwa "sita", lazima ajue ni yadi au mita, kwa maana tofauti yake inapita nusu mita. Kutaja kipimo hakurefushi kitambaa. Kugeuza yadi 6 kuwa mita 5.49 hubadili tarakimu, kitambaa kikabaki kilekile. Programu za kuunganisha picha zina amri mbili za namna hiyohiyo: moja hutangaza kipimo ambacho faili ilikuja nacho, nyingine hugeuza thamani zake ziingie katika kipimo kingine. Asiyezitofautisha hugeuza mara mbili, au hageuzi kabisa, kisha hukesha akirekebisha kwa jicho. Neno "nafasi" huzifanya amri zote mbili zionekane kama kuhama tu.

Kipimo hueleza pia kwa nini hesabu hufanywa katika mwanga wenyewe, yaani pale ambapo tarakimu ikizidi maradufu mwanga nao umezidi maradufu. Mwimbaji aliyepigwa picha mbele ya pazia la kijani akiwekwa katikati ya Kariakoo, ukingo wa nywele zake una pikseli zilizo nusu yake na nusu ya mtaa. Katika sRGB, nusu ya mwanga kati ya nyeusi na nyeupe ni 188, lakini wastani wa tarakimu zenyewe ni 128, ambao ni giza zaidi. Zile kingo chafu zinazomsaliti mwimbaji huanzia hapo mara nyingi. OpenColorIO, programu ya kusimamia rangi iliyotolewa bure na Sony Pictures Imageworks mwaka 2010, na ACES, mfumo wa rangi wa filamu uliofikia toleo la 1.0 mwaka 2014, zipo kwa ajili ya kuzuia mchanganyiko wa vipimo kama huu.

Mtu wa hesabu atapinga: rangi ni nukta katika umbo lenye pande tatu, kwa hiyo nafasi ni nafasi kweli. Nakubali. Ila sRGB na Rec. 709 ya televisheni zina rangi za msingi zilezile na weupe uleule, pembetatu yao katika mchoro wa CIE wa 1931 ni moja, na bado tarakimu zao hazisomwi sawa, kwa kuwa kanuni ya kugeuza mwanga kuwa tarakimu ni tofauti. Pembetatu peke yake haimwonyeshi mhariri tofauti hiyo. Hata hivyo kipimo nacho kina upungufu wake: kila urefu wa yadi unaweza kuandikwa kwa mita, ilhali kijani kikali cha kitenge huenda kisitoshe ndani ya sRGB. Kwa hilo tunahitaji neno la pili, "upeo wa rangi", libaki kando likiwa na kazi yake.

Wapo watakaosema kala spesi inatosha, kwa kuwa menyu zenyewe ni za Kiingereza. Inatosha kwa kubofya, lakini haimsaidii fundi kumweleza mwanafunzi wake. Wengine watahofu kwamba kipimo tayari ni cha hospitali na cha dukani. Hofu hiyo naiona ndogo, maana neno "rangi" liko palepale kuondoa utata. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi ya kusanifisha istilahi, nalo likipenda litachagua vingine. S-Log3 na Rec. 709 zibaki na majina yake, kama yadi na mita, na maswali ya studio yawe mafupi: faili hii ina kipimo gani, na umekitangaza au umekigeuza?