Mkwaju wa Kiiraqw na Tarakimu Mbili

Katika lugha ya Wairaqw, ambao ni wengi Mbulu na ambao huko Hanang hukaa pamoja na Wabarbaig, mwanamke huitwa /ameeni. Alama iliyotangulia neno hilo si kosa la mpiga chapa. Ni herufi kamili, na sauti yake hutoka kooni, jamaa ya ile ain wanayoijua wasomaji wa hati za Kiarabu. Katika Kiswahili alama hiyo huitwa mkwaju, nayo si herufi. Kazi yake ni kutenga neno na neno, au siku na mwezi.

Katika mwaka wa 1958 yalitolewa Kampala maelezo mafupi juu ya Kiiraqw, yaliyoandikwa na W. H. Whiteley, mtaalamu yule yule ambaye wasomi wa Kiswahili wanamfahamu sana. Miaka mitano baadaye, huko Marekani, ilitangazwa kanuni ya ASCII, ambayo kwayo kila alama ya maandishi ilipewa namba yake. Kazi hizi mbili hazikujuana.

Kanuni ile ilihitajiwa kwa sababu mashine haijui herufi. Ndani yake mna sehemu ndogo ndogo za umeme, na kila moja ina hali mbili tu, ambazo sisi twaziandika sifuri na moja. Leibniz alikwisha kuchapisha mwaka 1703 kwamba tarakimu hizo mbili zatosha kwa hesabu zote. ASCII ilitumia nafasi saba, zitoazo alama 128; herufi ndogo ziliingizwa katika toleo la 1967. Herufi a ni 1100001. Mwanafunzi na aanze kuliani: nafasi ya kwanza ni moja, ya pili mbili, ya tatu nne, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili hadi 64. Akijumlisha 64, 32 na 1 atapata 97. Basi wak, ambalo ni "moja" kwa Kiiraqw, huwa 1110111 1100001 1101011.

Mkwaju nao una namba yake, 47, yaani 0101111. Hapa ndipo somo linapokuwa gumu, na mwalimu wa Mbulu asiliruke. Namba haikuibagua herufi ya Wairaqw. Waliotunga programu ndio walioupa mkwaju kazi ya kutenga. Faili haliwezi kuitwa /ameeni, kwa kuwa mashine hudhani yaelekezwa penye folda nyingine. Tena, maneno yakipangwa kwa namba, yale yenye mkwaju mwanzoni hutangulia hata sifuri, ambayo ni 48. (Hilo la pili lavumilika, kamusi nyingi zina mpango wa ajabu kuliko huo.)

Kanuni hizi zilipokuwa zikikomaa, Tanzania ilikuwa na kompyuta chache. Ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wake, amri iliyolegezwa baadaye. Unikodi, iliyotolewa 1991, ilipanua nafasi mno, na ndani yake imo alama ya wanafonetiki ya sauti ile ile ya kooni. Lakini haimo katika vibao vya kuandikia. Maarten Mous, katika sarufi yake ya Kiiraqw ya 1993, alitumia mkwaju, na Wairaqw waandikao leo hubonyeza mkwaju huo huo, kisha faili hulipa jina jingine.