KNCU: Ushirika wa kahawa uliojenga jina la Moshi

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na maduka yakafuata. Hivyo ndivyo ilivyoanza miji mingi ya Afrika Mashariki. Lakini sauti kubwa ya biashara hapa Moshi haikutoka madukani. Ilitoka kwenye Mlima Kilimanjaro, katika vihamba (mashamba ya urithi ya familia) vya wakulima wadogo wa kahawa walioamua kuuza pamoja. Chama chao kikuu, KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), kimeweka alama kwenye mji huu kuliko kampuni yoyote.

Mibuni ililetwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliopanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza wilayani Moshi, aliwahimiza Wachagga, wenyeji wa mlima huo, wailime. Hawakuhitaji kuhimizwa sana. Mbuni huvumilia kivuli cha mgomba, kwa hiyo kihamba kile kile cha urithi kiliweza kutoa ndizi za kulisha familia na kahawa ya kuuza.

Walowezi wa Kizungu hawakufurahi. Walidai kwamba mibuni ya Waafrika ingeeneza magonjwa na kwamba wizi wa kahawa ungeongezeka mashambani mwao. Nyuma ya madai hayo kulikuwa na hofu nyingine: mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuwa kibarua kwa mwingine. Wakulima walijibu kwa kuungana. Mwaka 1925 walianzisha KNPA, chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, na Joseph Merinyo, aliyewahi kuwa mkalimani wa Dundas, akawa kiongozi wake. KNPA iliwasaidia wanachama kupambana na magonjwa ya mibuni na kuuza mazao yao. Zaidi ya hapo, ilitetea haki yao ya kulima kahawa.

Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata KNCU ikachukua nafasi ya KNPA. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kuueleza. Mkulima alipeleka kahawa kwenye chama cha msingi cha eneo lake, ikapimwa, naye akapewa malipo ya awali. Vyama vya msingi vilikusanya mzigo, na chama kikuu kikautafutia soko. Mauzo yakikamilika na gharama zikitolewa, mkulima alirudishiwa kilichobaki. Faida ya kuuza pamoja ilikuwa hapo, na hatari yake pia: kati ya malipo ya kwanza na ya mwisho, mkulima alipaswa kuamini hesabu zilizofanywa mbali na macho yake.

Imani hiyo ilivunjika mwaka 1937. Bei ilikuwa imeanguka, na kanuni za serikali zilimlazimisha mkulima kuuza kahawa yake kupitia KNCU hata kama hakuridhika. Meneja alikuwa Mwingereza, A.L.B. Bennett. Wakulima wenye hasira walivamia majengo ya vyama vya msingi katika sehemu kadhaa za mlima, na serikali ikatumia nguvu kuwazima. Wapo wanaozieleza ghasia hizo kama uasi dhidi ya ushirika. Mimi naziona kama madai ya wenye mali waliotaka kujua mali yao imekwenda wapi.

KNCU ilisalimika, na bei nzuri za kahawa za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaipa uwezo mkubwa. Jengo lake lilisimama katikati ya mji, na fedha za kahawa zikasaidia elimu ya vijana wengi. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, Chuo cha Ushirika kilifunguliwa papo hapo Moshi, nacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Kiwanda cha kukoboa kahawa, Bodi ya Kahawa na mnada wa kahawa vyote viliweka makao katika mji huu.

Pigo lilitoka serikalini mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa nchi nzima. Kijiji kilifanywa chombo cha ushirika, na biashara ya kahawa ikashikwa na mamlaka ya umma. Mkulima aliondolewa kwenye uamuzi bila kuulizwa. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuvirudisha vyama hivyo, na KNCU ikaanza upya mwaka 1984. Muongo mmoja baadaye soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Hao walikuja na fedha taslimu, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa wiki hiyo hiyo hakuweza kusubiri malipo ya pili. Wengine waliiacha mibuni izeeke, wengine wakaing'oa. Soko la biashara ya haki huko Ulaya liliisaidia KNCU kubaki hai, lakini halikuirudishia nguvu ya zamani.

Historia hii inatufundisha jambo moja, nami naliamini kabisa. Ushirika wa Kilimanjaro ulistawi wakulima walipouona kuwa wao, na ukayumba kila walipogeuzwa wapeleka mizigo tu, iwe kwa kanuni za mkoloni, kwa amri ya serikali huru au kwa hesabu zisizosomwa mbele yao. Anayetaka kuuinua leo aanzie kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi: vitabu vifunguliwe, bei ya mnada itajwe, makato yaelezwe moja moja, na mwenye kahawa awe na neno la mwisho.