Jua Lililomuua Mnyonya Damu

Dracula wa Bram Stoker anatembea mchana. Katika riwaya iliyochapishwa mwaka 1897, Jonathan Harker anamwona kwa macho yake mtaani Piccadilly, London, mchana kweupe, akimkodolea macho msichana mrembo aliyekaa kwenye gari la farasi. Jua humpunguzia nguvu, basi. Halimdhuru. Anapokuja kufa, anakufa kwa visu viwili, kimoja shingoni na kingine moyoni, wakati jua linazama.

Leo hata mtoto anayemjua vampaya kupitia katuni atakwambia kwamba jua likimpata amekwisha. Wengi tunaamini kuwa hiyo ni imani ya kale ya vijiji vya Ulaya Mashariki. Siyo. Ni kanuni iliyozaliwa Ujerumani, katika filamu bubu ambayo mahakama iliamuru iteketezwe, na waliokuja kuiandika kama sheria hasa ni vijana wa Marekani waliokuwa wakirusha dadu mezani.

Vampaya wa vijijini alikuwa kiumbe mwingine kabisa. Mwaka 1732 daktari wa jeshi la Austria aitwaye Flückinger aliandika ripoti kutoka kijiji cha Medveđa, Serbia, kuhusu marehemu Arnold Paole, ambaye wanakijiji walisema anawasumbua watu baada ya kuzikwa. Makaburi yalifukuliwa. Maiti wanaoelezwa humo si mabwana wembamba waliovaa majoho. Ni watu wa kijijini, wake kwa waume, miili imevimba, damu bado mbichi. Paole alipigwa kigingi moyoni, kisha akachomwa. Wengine walikatwa vichwa, wakachomwa, majivu yao yakamwagwa katika mto Morava. Kigingi kipo, shoka lipo, moto upo. Jua halimo katika orodha ya silaha. Miaka 87 baadaye daktari Mwingereza, John Polidori, akamtoa vampaya kijijini na kumpa cheo cha ubwana katika hadithi yake ya mwaka 1819, na tangu hapo mnyonya damu akawa mgeni wa sebule za matajiri.

Sasa tuje kwa Albin Grau. Alikuwa mchoraji na msanifu, mtu aliyezama katika mambo ya elimu za siri, na alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwenyewe alisimulia kwamba katika majira ya baridi ya mwaka 1916, akiwa Serbia, mkulima mmoja alimweleza kuwa baba yake alirudi kutoka kaburini. Vita vilipokwisha, mwaka 1921, Grau na mwenzake Enrico Dieckmann walianzisha kampuni ya filamu, Prana-Film. Walikusudia kutengeneza filamu nyingi. Walitengeneza moja tu.

Filamu hiyo ni Nosferatu. Muswada uliandikwa na Henrik Galeen, mwongozaji akawa F. W. Murnau, na Grau akabuni mavazi, vyumba na sura ya jinamizi lenyewe. Riwaya ya Stoker ndiyo waliyoitumia, lakini haki zake hawakuzilipia. Walibadilisha majina: Dracula akawa Orlok, Harker akawa Hutter, London ikawa mji wa kubuni uitwao Wisborg. Kisha, kwa namna ambayo mpaka leo inanishangaza, wakaandika mwanzoni mwa filamu, waziwazi, kwamba imetokana na kitabu cha Bram Stoker.

Walipiga picha Wismar na Lübeck, miji ya bandari ya kaskazini mwa Ujerumani, na katika ngome ya Orava, Slovakia ya leo. Mpigapicha Fritz Arno Wagner alikuwa na kamera moja. Orlok aliigizwa na Max Schreck, mwigizaji wa jukwaani: kichwa kipara, masikio yaliyochongoka, vidole virefu kama kucha za ndege, na meno mawili ya mbele yaliyokaribiana kama ya panya. Kuna tukio la mezani ambalo ukiliona hulisahau. Hutter amefika ngomeni usiku, anakata mkate. Saa ya ukutani, iliyopambwa kwa mifupa ya mtu, inagonga saa sita. Anashtuka, kisu kinamkata kidole gumba, na mwenyeji wake anamrukia mkono kwa uroho usiofichika. Hakuna sauti, hakuna damu ya kutisha. Kuna mkate, kisu na macho ya Schreck, na vinatosha.

Mwisho wa filamu ndio uliobadilisha kila kitu. Ellen, mke wa Hutter, amesoma kwamba mwanamke mwenye moyo safi akimfanya vampaya asahau kuwika kwa jogoo, atamwangamiza. Anamfungulia dirisha. Orlok anakuja, anainama shingoni mwake, anakunywa na kunywa, na usiku unamponyoka. Jogoo anawika. Orlok anainuka, anapita mbele ya dirisha, mwanga unaingia, anashika kifua, anayeyuka. Panabaki moshi kidogo sakafuni. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ulimfaa sana mtu wa sinema. Kigingi kinahitaji nyundo na mkono wa mtu. Mwanga unaweza kuua peke yake, na mwanga ndio kazi ya sinema.

Onyesho la kwanza lilifanyika Berlin tarehe 4 Machi 1922, katika ukumbi wa marumaru wa bustani ya wanyama. Waliokaa pale walikuwa wametoka kuzika mamilioni waliokufa vitani na kwa homa ya mwaka 1918, na Orlok anaingia Wisborg kwa meli iliyojaa panya na tauni. Kila jamii humvalisha mnyonya damu nguo za msiba wake. Afrika Mashariki na Kati chini ya ukoloni alivaa sare: Nairobi na Kampala watu walinong'ona kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu, Tanganyika walimwita mumiani, Katanga batumbula. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Mumiani hakulala kwenye jeneza wala hakutishwa na jogoo. Aliogopewa kama mtu wa kazi, mwenye gari na ruhusa ya wakubwa.

Turudi Berlin. Florence Stoker, mjane wa Bram, alipata habari za filamu hiyo mwaka uleule wa 1922, akaomba msaada wa chama cha waandishi cha Uingereza, wakaenda mahakamani. Kesi ikakokotwa miaka mitatu. Prana-Film ilikuwa imekwisha kufilisika, kwa hiyo hapakuwa na fedha ya kumlipa, na alipokosa fidia alidai jambo moja: filamu iharibiwe. Julai 1925 mahakama ya Berlin ikakubali. Negativu na nakala zote zichomwe. Kisheria mama huyu alikuwa na haki. Kazi ya marehemu mumewe ilikuwa imechukuliwa bila hata kuulizwa, na riwaya ile ilikuwa riziki yake. Hata hivyo nashukuru kwamba amri hiyo haikutimia. Nakala zilikuwa zimeshatoka nje ya Ujerumani, na zikaendelea kupita mkono kwa mkono.

Hollywood ilipotaka Dracula ililipa. Universal ilinunua haki, ikamkabidhi Tod Browning uongozaji, na nafasi kuu akaichukua Bela Lugosi, mzaliwa wa Lugos, mji uliokuwa Hungaria wakati huo na sasa uko Romania. Alikuwa ameigiza nafasi hiyo Broadway tangu 1927. Kwa filamu nzima alilipwa dola 3,500. Ilianza kuonyeshwa New York Februari 1931, na mwezi uliofuata Murnau akafa kwa ajali ya gari huko California.

Watu wengi wakisema "vampaya" wanamwona Lugosi: joho jeusi, kola iliyosimama, sauti nzito inayoburuta maneno. Kola ile nayo ina historia yake. Ilianzia jukwaani Uingereza, katika tamthilia ya Hamilton Deane. Mwigizaji alitakiwa kutoweka mbele ya watazamaji, kwa hiyo aliwapa mgongo, kola ikaficha kichwa chake, akateremka kupitia tundu la sakafuni, na wenzake wakabaki wameshika joho tupu. Ujanja wa jukwaani ukawa vazi la kudumu. Lugosi mwenyewe alizikwa na joho hilo mwaka 1956.

Filamu ya 1931 haikuichukua kanuni ya jua. Dracula anapigwa kigingi, tena nje ya picha. Lakini angalia chakula cha usiku ngomeni. Mgeni wake, Renfield, anajichoma kidole kwa kibanio cha karatasi, damu inatoka, Dracula anasogea. Katika riwaya Harker hujikata akinyoa ndevu. Kidole kile kilitoka kwenye meza ya Orlok, katika filamu ambayo kwa mujibu wa hukumu haikupaswa kuwapo.

Jua lenyewe lilifika Hollywood mwaka 1943, katika filamu ya Son of Dracula, na waliolileta walikuwa ndugu wawili kutoka Ujerumani waliomkimbia Hitler: Robert Siodmak aliiongoza, Curt Siodmak aliandika hadithi yake. Miaka 15 baadaye kampuni ya Hammer ya Uingereza ikalipigilia msumari. Katika Dracula yao ya 1958, ya rangi, Christopher Lee ana meno marefu ya pembeni na macho mekundu, na Peter Cushing kama Van Helsing, mwindaji wake, anakimbia juu ya meza ndefu, anarukia pazia na kulivuta chini, kisha anapishanisha vinara viwili vya mishumaa kuwa msalaba na kumsukumia Dracula kwenye mwanga. Mwili unabomoka kuwa vumbi. Pete inabaki.

Filamu hizo zilionyeshwa pia Marekani, na miongoni mwa waliozipenda walikuwa vijana wa Minnesota waliokuwa wakicheza vita vya mezani kwa vinyago vya askari. Kuanzia mwaka 1971 mwenzao Dave Arneson aliwatengenezea mchezo wa aina mpya: kila mchezaji aliigiza mtu mmoja tu katika nchi ya kubuni iitwayo Blackmoor, na mwamuzi akawaeleza wanachokiona na kinachowapata. Mhusika wa mchezaji mmoja akageuka vampaya, akaitwa Sir Fang. Alizidi kupata nguvu hadi wenzake wakashindwa naye. Ili mchezo usiharibike, walibuni mhusika wa kumkabili: mtu wa dini mwenye msalaba, kwa mfano wa Van Helsing wa Cushing. Kasisi huyo amebaki kuwa mmoja wa wahusika wa msingi wa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao Arneson na Gary Gygax waliutoa mwaka 1974. Mamilioni wamecheza kama kasisi bila kujua kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kumzuia kijana mmoja aliyewashinda wenzake.

Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000, vijitabu vitatu ndani ya sanduku. Humo vampaya ameandikiwa sheria zake kama mashtaka: akikupiga unapoteza ngazi mbili za uzoefu wako, anarudi nyuma mbele ya msalaba, kioo na kitunguu saumu, hufa kwa kigingi cha moyoni, kwa kuzamishwa katika maji yanayotiririka, au kwa miale ya jua. Filamu inaweza kubadilisha kanuni ikitaka. Kitabu cha mchezo hakiwezi kuiacha ikielea, kwa sababu mwamuzi lazima ajue aseme nini mchezaji anapovuta pazia. Hapo ndipo, kwa hesabu yangu, walichobuni Galeen na Murnau kilipogeuka mapokeo.

Walioongeza roho katika sheria hizo ni mke na mume, Laura na Tracy Hickman. Tracy alikuwa akicheza akakutana na vampaya katika chumba cha shimoni, amekaa tu pale kama nyoka ndani ya pango, bila sababu. Jambo hilo lilimkera. Wakaandika kisa cha kuchezwa katika mchezo huo, Ravenloft, kilichochapishwa mwaka 1983, na humo wakamweka Strahd von Zarovich, bwana wa ngome mwenye kisa cha mapenzi na mauaji ya ndugu yake. Karata za bahati zinazopigwa mwanzoni huamua silaha za kumshinda ziko wapi, mojawapo ikiwa upanga wa jua.

Mwaka 1991 Mark Rein-Hagen na kampuni ya White Wolf wakageuza meza nzima. Katika Vampire: The Masquerade mchezaji ndiye vampaya, na vita vikubwa ni kuulinda utu wake usimwishie. Kitabu cha mchezo huo kinafuta mengi: kitunguu saumu ni porojo, maji yanayotiririka ni porojo, msalaba hausaidii usipoambatana na imani ya kweli. Jua halikufutwa. Huacha majeraha mabaya kuliko yote, yale yasiyopona upesi. Tena mojawapo ya koo 13 za mchezo huo, ya wenye sura za kutisha wanaojificha kwenye mifereji ya maji machafu, inaitwa Nosferatu.

Filamu ya Murnau ipo na haina shida kuipata. Ukiitafuta, usichukue nakala ya nyeusi na nyeupe tupu. Kamera za wakati ule hazikuweza kupiga picha usiku nje, kwa hiyo matukio ya usiku yalipigwa mchana na filamu ikatiwa rangi ya buluu baadaye. Pasipo rangi hiyo utamwona Orlok amebeba jeneza lake juani, hana wasiwasi wowote, na hutaelewa kwa nini alfajiri inamuua. Tafuta nakala iliyorejeshewa rangi zake, uitazame usiku.