Majani ya kushika udongo: nani alichagua, nani anachagua sasa

Wasikilizaji wetu wa Lusenda na ndugu zetu wakimbizi, leo tuongee juu ya majani. Msiseme ni jambo dogo. Mwezi wa 5, 2025, usiku mmoja wa mvua kubwa, mto ulijaa na kufagia nyumba za kijiji cha Kasaba, hapa hapa katika teritwari ya Fizi. Makumi ya watu walipoteza maisha. Udongo usioshikwa na kitu, maji huondoka nao.

Wazee wanakumbuka kwamba kazi hii haikuanza jana. Wabelgiji walianzisha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo, katika 1933, na moja ya vituo vyake kilikuwa Mulungu, karibu na Bukavu. Baadaye watu wa milima ya Kivu walilazimishwa kuchimba mitaro na kupanda mistari ya majani kukata mteremko. Kazi yenyewe ilikuwa na maana, lakini ilikuja na amri na faini. Ndiyo sababu, uhuru ulipofika katika 1960, mahali pengi watu waliacha ile mistari ife. Wakati wa Mobutu ilikuja salongo, nayo kwa wengi ilibaki kazi ya mkubwa, si kazi yao.

Wakati huohuo majani ya Afrika yalisafiri. Mabingobingo, ambayo ndugu zetu Warundi huita urubingo, Wazungu wa Rhodesia waliyapa jina la Napier, kanali aliyeyasifu kwa chakula cha ng'ombe mnamo 1909. Leo yanalishwa mifugo hadi Amerika na Asia. Huko Ulaya wengine hupanda majani kwa kupamba tu. Mwaka 1991 mama mmoja wa Uingereza, Beth Chatto, alianza bustani ya changarawe mahali palipokuwa maegesho ya magari. Hakuimwagilia maji. Siri yake ilikuwa moja: kuchagua mmea kufuata udongo, si kulazimisha udongo ufuate mmea.

Siri hiyo inatufaa. Viwanja vyetu vina mawe, na kiangazi ni kikali kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8. Basi tuchague hivi.

Vetiva, jani lililotoka India, mizizi yake huteremka wima hata metre 3. Ile inayopandwa kwa kawaida haitoi mbegu za kuota, hivyo haiingii shamba la jirani. Gawa shina, panda vipande karibu karibu, kiganja kimoja kati yao, kwa mstari unaokata mteremko, mvua zinapoanza.

Mchaichai haushiki udongo sana kama vetiva, lakini unapamba mlango na unatoa chai.

Mabingobingo ni mazuri kwa mwenye mbuzi, ila yanakula nafasi. Yaweke mbali na mihogo.

Motomoto usiyalete kabisa. Yanatambaa chini ya ardhi, na kiangazi yanawaka kama karatasi, karibu na nyumba za mahema na majani.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Tangu 2015 Lusenda imepokea Warundi wengi, na Wabembe wenyeji waliwapa nafasi. Wenyeji hao nao walikimbia vita vya 1996, wakavuka ziwa, wakaishi Nyarugusu, Tanzania. Wanajua maana ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine. Kwetu mmea wa kudumu unaweza kusomwa kama alama ya kudai shamba. Kwa hiyo, mama, baba, kabla ya kupanda mstari, nenda kwa chifu wa kijiji na jirani yako, mpatane. Mgawie hata mashina machache.

Mistari ya zamani ilikufa kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Hii yetu tuulizane kwanza.