Bibi Kasema Hajala (Sehemu ya 4)

Mama zangu, tuendelee. Wengi mmeniuliza hivi: mama mkwe kala saa saba mchana, saa nane anamwambia jirani hajapewa chakula tangu asubuhi. Ni visa? Kabla hujanuna, soma historia hii.

Mwaka 1901, mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimhoji mgonjwa wa miaka 51, Auguste Deter. Alimwonyesha vitu kadhaa, mama akavitaja. Muda mfupi baadaye akamuuliza alionyeshwa nini. Hakumbuki! Yaani majina ya vitu bado alikuwa nayo, ila cha dakika chache zilizopita kimepotea.

Mwaka 1945 huko Marekani, David Wechsler akatoa kipimo cha kumbukumbu chenye hadithi fupi ndani yake. Unasomewa, unaisimulia, mpimaji anahesabu vipande ulivyovitaja. Ila ilikuwa papo hapo tu. Mwaka 1975 Elbert Russell akaongeza jambo moja: subiri nusu saa, kisha mwombe aisimulie tena.

Nusu saa hiyo ilifichua mengi. Mwenye ugonjwa huu anaweza kusimulia kidogo mwanzoni, halafu baadaye hadithi imefutika. Wengine hata hawakumbuki kwamba walisomewa.

Sasa turudi kwetu. Vipimo vingi vilitungwa kwa watu waliosoma. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu, ukimwambia achore atashindwa, utadhani anaumwa kumbe hakwenda shule. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kinachoitwa IDEA, kikachapishwa mwaka 2014. Humo mzee hachori, anapanga njiti za kiberiti. Pia anasikia maneno 10, kisha anaulizwa baadaye anakumbuka yapi.

Umeona? Bibi hasemi uongo. Kile chakula cha saa saba kwake hakijawahi kuwepo, kama ile hadithi baada ya nusu saa.

Basi usimpime wewe mbele ya watoto: "Haya bibi, mimi nani? Umekula nini?" Unamwaibisha bure. Akisema hajala, usibishane, mpe kikombe cha uji. Andika anachosahau na kilianza lini, mpelekeni hospitali. Kusahau kwingine huletwa na dawa, tezi ya shingo au sonona, na hivyo vinatibika.

Na jirani naye mwelezeni, jamani, msiishie kugombana.

Sehemu ya 5 inakuja.